Badilisha Oili ya Usukani Kabla Pampu Haijaanza Kulia

Mwenye gari makini anakumbuka lini alimwaga oili ya injini mara ya mwisho, na kama hakumbuki, kadi ya gereji ipo kwenye dashibodi. Muulize habari za oili ya pawa stelingi, atakujibu kwamba ipo, aliiongeza mwaka jana. Kuongeza ni jambo moja na kubadilisha ni jambo jingine kabisa, na katikati ya hayo mawili ndipo pampu nyingi za Corolla 110, Carina Ti, Mark II na Hiace zinapofia.

Sehemu ya lawama ni ya vitabu vya magari vyenyewe. Vingi vinakutaka ukague kiasi cha oili hii, na havikuambii hata mara moja uimwage. Mtengenezaji alilifikiria gari litakalokaa kwa mnunuzi wa kwanza miaka michache, katika nchi yenye barabara laini. Gari hilohilo likija kwetu lina maisha mengine mbele yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania yanaingia hata ya umri mkubwa zaidi, kwa hiyo gari unaloliita jipya kwa sababu limeshuka bandarini mwezi uliopita linaweza kuwa na oili ileile ya usukani iliyowekwa kiwandani. Ukilitumia wewe miaka mingine 10 bila kuigusa, oili hiyo itakuwa imefanya kazi karibu miaka 20.

Na kazi yenyewe si nyepesi. Pampu inazungushwa na mkanda wa injini, inasukuma oili kupitia mpira wa presha hadi kwenye reki. Pale mwisho wa shafti ya usukani kuna valvu inayoamua oili iende upande gani wa pistoni, na pistoni ndiyo inayokusaidia kusukuma magurudumu. Kisha oili inarudi kwenye kikopo chake kwa mpira wa kurudishia, ambao hauna presha kubwa. Unapokata usukani hadi mwisho ili uegeshe kwenye nafasi finyu, presha ndani ya mpira ule wa kwanza hupita bar 70. Joto nalo hupanda. Mzigo huo wote unabebwa na oili isiyozidi sana lita 1. Injini ina lita 4 za kugawana joto na uchafu, tena ina chujio. Usukani una lita moja, na kwenye magari mengi chujio lake ni kipande cha wavu ndani ya kikopo, kama kipo.

Msingi wa mfumo huu ni wa zamani. Francis W. Davis, mhandisi Mmarekani, aliufanyia kazi katika miaka ya 1920, na kampuni ya Chrysler ikauingiza sokoni kwenye gari lake la Imperial mwaka 1951. Pampu, valvu, pistoni na oili ndivyo vilivyomo hadi leo, ndiyo maana ukijifunza kazi hii kwenye Carina, Land Cruiser ya zamani haitakusumbua. Ila hakikisha kwanza gari lako lina mfumo huo. Passo, IST na magari mengi madogo ya miaka ya karibuni yana usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Humo hamna pampu wala kikopo, na ukivitafuta utapoteza asubuhi yako.

Kabla ya kununua chochote, fungua boneti na uikague oili iliyomo. Futa kwanza vumbi juu ya kifuniko, maana chembe moja ya mchanga ikidondoka humo inakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Chovya ncha ya karatasi nyeupe au kitambaa safi kisha uitazame juani. Oili ya aina ya ATF, ile ya gia boksi za otomatiki, ikiwa mpya ni nyekundu na unaona mwanga kupitia kwake. Ikiwa ya kahawia imechoka. Ikiwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, ilipaswa kumwagwa zamani. Ukiona vichembe vyeusi laini, huo ni mpira wa ndani ya hozi unaomeguka. Ukiona vichembe vinavyometameta, hicho ni chuma cha pampu, na hapo kubadilisha oili kutaipunguzia pampu mateso bila kuirudishia uzima wake.

Sikiliza pia. Mlio mkali wa ghafla unapokata kona gari likiwa limesimama mara nyingi ni mkanda uliolegea au uliopata oili. Mngurumo mzito unaopanda na kushuka kadiri unavyozungusha usukani ndio sauti ya pampu yenyewe, kwa oili pungufu, oili chafu, au hewa. Usukani mzito usio na kelele yoyote unaweza kuwa na sababu ya bei rahisi kuliko zote: upepo mdogo kwenye tairi za mbele. Pima upepo kwanza. Nimeona watu wakinunua pampu kutoka kwenye maduka ya spea za mtumba kabla ya kushika kipimo cha upepo, na hilo linaniuma kila mara kwa sababu fedha ile ilikuwa ya ada au ya pango.

Jambo la tatu la kukagua ni kama oili inapungua. Mfumo huu hauli oili. Ikipungua, imetoka mahali. Inama chini ya gari utazame mabomba, viungo vya mipira, na hasa zile raba zenye mikunjo zilizo kwenye ncha mbili za reki. Ziminye kwa vidole. Zikiwa nzito na zinacheza kama zina maji ndani, sili za reki zimekwisha, na oili mpya utakayoweka itafuata njia ileile. Shughulikia uvujaji huo kwanza.

Kuna uvujaji mmoja ambao Toyota za zamani zinaufanya kwa siri, na inafaa kila mwenye gari hizo aujue. Kwenye pampu za injini nyingi za miaka ya 1990 kuna valvu ndogo ya hewa yenye vimipira viwili vyembamba vinavyokwenda upande wa injini unaovuta hewa. Kazi yake ni kuongeza kidogo mzunguko wa injini unapokata usukani ili injini isizime. Valvu hiyo ikichakaa ndani, injini inaanza kuifyonza oili ya usukani kupitia kimpira hicho na kuichoma. Mwenye gari anaona moshi mweupe nyuma, oili ya usukani inapungua kila wiki, chini hakuna hata tone, na fundi asiyejua anaanza kuzungumzia kufungua injini. Chomoa vimipira hivyo uvitazame ndani. Vinapaswa kuwa vikavu. Vikiwa na oili, umempata mwizi wako, na dawa yake ni valvu mpya, kitu kidogo sana ukilinganisha na kufungua injini.

Sasa oili. Hapa naomba usiwe na haraka, kwa sababu kosa la hapa ni baya kuliko kuacha oili chafu ilivyokuwa. Kwenye vifuniko vya Toyota nyingi za zamani imeandikwa Dexron II au Dexron III, ambayo ni ATF, oili ileile inayotumika kwenye gia boksi za otomatiki za enzi hizo. Kampuni ya General Motors, iliyobuni viwango hivyo, iliacha kutoa leseni za Dexron III zamani, lakini oili zilizotengenezwa kufuata sifa zake bado ziko madukani kote, na ndizo unazozihitaji. Subaru nyingi za enzi hiyo pia hutumia Dexron. Honda ni habari nyingine. Honda ina oili yake ya usukani, na sili zake zilichaguliwa kwa ajili ya hiyo, kwa hiyo usimkubalie anayekuambia nyekundu ni nyekundu tu. Magari mengi ya Ulaya, hasa Volkswagen na Audi, hutumia oili ya kijani ya aina ya Pentosin CHF 11S au inayolingana nayo, na ATF humo haitakiwi. BMW zimegawanyika, nyingine ATF na nyingine CHF, na jibu limeandikwa kwenye kifuniko. Amini kifuniko na kitabu cha gari kabla ya rangi. Rangi ni dawa iliyotiwa kiwandani, na yeyote anayechakachua oili anaweza kuitia.

Oili ya breki isiingie kwenye kikopo hiki hata tone. Makopo mawili yanakaa karibu, vifuniko vyake vinafanana, na wapo wanaodhani haidroliki zote ni moja. Oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 si mafuta ya asili ya petroli, na raba zilizomo kwenye pampu na reki huvimba na kulainika zikikutana nayo. Ukigeuza kosa, yaani ATF kwenye breki, ni hatari ya uhai: raba za silinda za breki huvimba na breki inaweza kukukatalia barabarani. Kama kwa bahati mbaya mojawapo imetokea, usiwashe gari. Vuta oili yote iliyomo kwenye kikopo kabla haijazunguka, kisha mwite fundi.

Utaonyeshwa pia vichupa vya dawa ya kuziba uvujaji wa usukani. Ushauri wangu ni kuviacha dukani. Dawa nyingi za namna hiyo hufanya kazi kwa kuvimbisha sili, na sili iliyovimba haikai hivyo milele. Fedha hiyo iongezee kwenye sili halisi.

Nunua lita 2, zilizofungwa, zenye muhuri ambao haujaguswa, kutoka duka ambalo lina jina la kulinda. Lita moja ni ya kujaza, na ya pili inasukuma uchafu na kubaki akiba.

Zipo njia mbili za kuifanya kazi hii nyumbani, na utachagua kwa kutazama vifaa ulivyo navyo na jinsi oili ilivyochafuka.

Ya kwanza ni ya mtu mwenye subira na asiye na jeki ya kuaminika. Chukua bomba kubwa la sindano, lile la mililita 50 au zaidi linalouzwa maduka ya dawa za mifugo, ulivishe kimpira chembamba kwenye ncha, uvute oili yote iliyomo kwenye kikopo. Jaza mpya hadi alama. Endesha siku chache, kisha rudia. Kila ukifanya hivyo unabadilisha sehemu tu ya oili, maana iliyobaki iko kwenye pampu, mabomba na reki. Chukulia kikopo kinabeba theluthi ya oili yote. Baada ya mara ya kwanza, karibu asilimia 67 ya iliyomo ni ya zamani. Baada ya mara 3 imebaki 30. Baada ya mara 5 imebaki kama 13. Hapo karatasi yako nyeupe itaanza kuonyesha wekundu. Kwa oili iliyokuwa ya kahawia, njia hii inatosha kabisa. Tena haina hatari, hufungui mpira wowote, na hewa haiingii. Tatizo lake ni kwamba watu wanaifanya mara moja tu, wanaona kikopo chekundu, wanaridhika. Hata kwenye gereji huduma ya kubadilisha oili ya usukani mara nyingi ni kuvuta na kujaza mara moja. Fundi ana magari sita yanamsubiri. Wewe una wikiendi nzima, na kwenye kazi hii muda ni kifaa kikubwa kuliko spana.

Njia ya pili inaisukuma oili yote nje kupitia mpira wa kurudishia, na ndiyo ninayoipendekeza oili ikiwa nyeusi. Inahitaji watu wawili.

Tafuta sakafu ngumu iliyonyooka. Kwenye udongo jeki huzama. Funga handibreki, weka kabari nzito mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha inua mbele na ulaze gari juu ya stendi mbili za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Matofali ya saruji hupasuka ghafla bila kukuonya, usiyatumie. Zingatia jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Corolla na Carina nyingi, ukishainua mbele, gia ya P haishikilii tena chochote. Kinacholizuia gari kutembea ni handibreki na kabari zako peke yake. Litikise kwa mkono kwa nguvu kabla hujaweka hata kidole chini yake.

Magurudumu yakiwa hewani usukani unazunguka kwa urahisi injini ikiwa imezimwa, na hilo ndilo tunalolitaka. Vuta kwanza kwa sindano oili iliyomo kwenye kikopo. Kisha tambua mpira wa kurudishia. Kikopo kilichotengwa na pampu huwa na mipira miwili: mmoja mnene unaoshuka kwenda kwenye pampu, mwingine mwembamba zaidi unaotoka kwenye reki. Huo mwembamba ndio unaoutafuta. Mpira wa presha utaujua kwa viungo vyake vya chuma vilivyokazwa kwa nati. Huo usiuguse kabisa.

Tandika matambara chini ya kiungo, hasa kama bomba la moshi liko karibu, kwa kuwa ATF ikidondokea kwenye chuma chenye moto inatoa moshi na inaweza kuwaka. Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa. Sogeza klipu nyuma kwa plaizi. Usiuvute mpira moja kwa moja. Mpira wa miaka 20 umegandamana na plastiki, na ukiuvuta kwa nguvu unavunja chuchu ya kikopo. Uzungushe kwanza kidogo kulia na kushoto mpaka uachie. Ukikataa, uchane kwa wembe kwa urefu na ununue mpya. Ununuapo, sema ni wa oili. Mpira wa maji utalainika ndani ya miezi michache.

Chuchu ya kikopo iliyobaki wazi izibe vizuri: kipande kifupi cha mpira chenye bolti ndani na klipu mbili hufanya kazi hiyo bila shida. Ncha ya mpira uliouchomoa iunganishe na mpira mrefu mweupe unaopitisha mwanga, ule mafundi ujenzi wanaoutumia kupimia usawa wa ukuta, kwa kiunganishi cha plastiki na klipu. Ncha ya pili iingie kwenye chupa tupu ya maji ya lita 1.5, ifunge kwa waya isirukeruke. Kupitia mpira huo mweupe utaiona rangi ya oili inavyobadilika, na hicho ndicho kipimo chako cha lini uache.

Sasa zuia injini isiwake. Kwenye magari ya petroli yenye EFI, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI. Kwenye dizeli za zamani za Hiace na Land Cruiser, chomoa waya wa solenoidi inayozima mafuta kwenye pampu ya dizeli. Sababu yake ni hii. Injini ikiwaka, hata bila kukanyaga mafuta, pampu inatoa oili kwa kasi inayoweza kumaliza kikopo kabla hujainua chupa ya pili, na pampu ikizunguka kavu inajikwangua kuta zake. Starta inaizungusha polepole, na wewe unabaki na udhibiti.

Jaza kikopo oili mpya. Msaidizi wako akae kwenye kiti cha dereva, mkubaliane maneno mawili tu, piga na acha. Apige starta kwa sekunde 3 hadi 5, aache. Wewe unajaza kikopo kila kinaposhuka kufikia nusu. Kati ya kupiga na kupiga, azungushe usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, mara 2 au 3, swichi ikiwa wazi ili usukani usijifunge. Mzunguko huo ndio unaoitoa oili nyeusi iliyokaa ndani ya silinda ya reki. Asiyeufanya anabadilisha oili ya pampu na mabomba, na kuuacha uchafu mzito pale pale. Pumzisha starta kati ya zamu. Betri ikianza kuchoka, ngojeni.

Chupa inavyojaa, oili itatoka kwanza nyeusi, kisha kahawia, halafu utaona wekundu unaingia kwenye mpira mweupe. Unapofika hapo usiache mara moja. Zungusheni usukani tena mwisho hadi mwisho, na mara nyingi utaona weusi unarudi kidogo. Huo ni wa reki. Endeleeni mpaka wekundu ubaki wekundu. Kwa kawaida hilo linakula kati ya lita moja na lita moja na nusu.

Kabla ya kurudisha mpira, tazama wavu chini ya kikopo. Ukiwa umejaa tope, pampu ilikuwa inakosa oili hata kikopo kilipokuwa kimejaa, na ule mngurumo umepata maelezo yake. Kikopo kinachotoka kirahisi kitoe, ukisuuze kwa oili mpya kidogo uimwage. Wavu ulioshikamana na kikopo na usiotakata ni sababu nzuri ya kununua kikopo kingine.

Rudisha mpira, kaza klipu, jaza hadi alama ya baridi, acha fyuzi nje bado. Kazi iliyobaki ni kutoa hewa, na inaharibiwa na haraka kuliko hatua nyingine zote. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yakiwa hewani, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho, mara 10 au zaidi. Utaona mapovu yakipanda kwenye kikopo na oili ikishuka. Ongeza. Mapovu yakiisha, rudisha fyuzi, hakikisha gia iko P au nyutro na hakuna mtu chini ya gari, washa. Acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta, uzungushe tena taratibu. Ukifika mwisho wa usukani usishikilie zaidi ya sekunde 2 au 3, maana hapo presha iko juu kabisa na oili inachemka haraka. Kanuni hiyo ni ya kila siku, hata unapoegesha sokoni.

Shusha gari, endesha mwendo mfupi, kisha lifanyie jaribio ambalo mafundi wa Toyota hulitumia. Injini ikiwa na joto na ikiwa inaunguruma, weka alama ya oili ilipo kwenye kikopo. Zima, utazame tena. Oili ikipanda si zaidi ya milimita 5 na haina povu, hewa imeisha. Ikipanda zaidi, au ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa pinki, bado kuna hewa. Acha gari lipumzike saa moja au mbili mapovu yapande yenyewe, urudie. Kukimbilia kuendesha gari lenye povu kunaichosha pampu mpya sawa na ya zamani.

Kuhusu matarajio, niseme wazi. Mngurumo uliosababishwa na oili chafu au wavu ulioziba hupungua siku ileile. Usukani uliokuwa mzito asubuhi na kulainika injini ikipata moto unaweza kuboreka ndani ya siku kadhaa. Pampu iliyokwisha kujikwangua haitapona, lakini sasa utajua kwa hakika kwamba ni pampu, na utakapoifunga nyingine itaingia kwenye mfumo safi. Pampu ya mtumba inayofungwa juu ya oili nyeusi haidumu, kisha anayelaumiwa ni muuzaji wa spea. Wapo wanaoonya kwamba oili mpya hutoboa sili. Oili sahihi haina ukali huo. Sili inayovuja wiki ya pili ilikuwa imeshapasuka, na uzito wa tope ulikuwa unaificha.

Kwa wiki mbili za kwanza kagua kikopo mara mbili kwa wiki, na upitishe kidole kwenye kiungo ulichokifungua. Baada ya hapo kukagua kila mwezi kunatosha, na kumwaga tena kila baada ya kilomita 80,000 au miaka 4 ni kiwango ninachokiona cha haki kwa barabara zetu na foleni zetu. Gari lililoshuka bandarini, lifanyie mwezi wa kwanza bila kujali mita inasemaje.

Ile oili nyeusi iliyo kwenye chupa funga kifuniko uipeleke gereji au kituo cha mafuta chenye pipa la oili chafu. Usiimwage kwenye mtaro, na usimpe jirani apake nguzo za uzio kuzuia mchwa, hasa kama kisima au bustani ya mboga iko karibu: ina chuma kilichosagika na kemikali ambazo mvua itazishusha ardhini.

Mwisho chukua kipande cha utepe mweupe, ukibandike kwenye kikopo na uandike kwa kalamu isiyofutika aina ya oili uliyotia, tarehe na kilomita. Siku gari litakapokuwa mbali nawe, mikononi mwa dereva au fundi mwingine mwenye chupa ya oili mkononi, utepe huo ndio utakaomwambia ni oili gani ya kutia.